Kwaresima hadi Pasaka Mbeya na Iringa: mfungo upi, Jumapili ipi, ibada ipi

Huku nyanda za juu kusini Kwaresima inatukuta shambani. Februari na Machi mahindi yanadai palizi ya pili na mbolea ya kukuzia, maharage ya msimu wa pili yanangoja kuingia ardhini, chai ya Mufindi na Rungwe inachumwa bila kupumzika, na mvua haina siku wala saa. Wengi wetu tunashtukia Jumapili ya Mitende imefika, tunaanza kuulizana nguo za watoto na bei ya mchele wa Kyela, na Pasaka inapita kama sikukuu yoyote ile. Linaniuma, kwa sababu zile wiki sita zina mambo ya thamani sana, na makanisa yetu huziandaa kwa uangalifu mkubwa.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kuushika msimu huu kwa dhati lakini anajua hawezi kushika kila kitu. Labda mko kwenye ndoa ya makanisa mawili, jambo la kila siku kwetu: mama Mmoravian wa Rungwe, baba Mkatoliki wa Iringa, na watoto wanauliza mwaka huu tunasali wapi. Labda una zamu hospitalini au kiwandani na hupati jioni zote. Nimekulia katika ukoo wa namna hiyo na nimesali pande zote, kwa hiyo msimamo wangu nautanguliza: shika mambo mawili au matatu uyafikishe mwisho, na uyachague kwa kuangalia mzigo ulio nao mwaka huu, si kwa kuangalia kwaya ya wapi inaimba vizuri.

Nitawalinganisha zaidi Wakatoliki, Walutheri wa KKKT na Wamoravian, kwa kuwa ndio walioenea huku tangu zamani. Wamoravian na Walutheri wa misheni ya Berlin waliingia Unyakyusa mwaka mmoja, 1891. Wamisionari wa Kikatoliki, Wabenediktini, wakafungua misheni ya Tosamaganga, karibu na Iringa mjini, mwishoni mwa karne hiyohiyo, na baadaye wakaja wenzao Wakonsolata. Waanglikana, wenye dayosisi Mbeya na Njombe, wanafanana na Wakatoliki katika mengi ya msimu huu, basi mengi nitakayosema kuhusu siku kuu za mwisho yanawahusu pia. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayafuati Kwaresima. Mifungo yao mikubwa mara nyingi huwa mwanzoni mwa mwaka, na Pasaka wanakuwa na makongamano. Waadventista hawana msimu huu kwenye kalenda yao.

Hesabu ya siku

Pasaka huangukia Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au unaofuata baada ya hapo, kwa hesabu ya kanisa. Kwa hiyo haiji kabla ya 22 Machi wala haivuki 25 Aprili. Jumatano ya Majivu inaitangulia kwa siku 46. Ukitoa Jumapili sita zinabaki siku 40 za mfungo. Jumapili hazihesabiwi kwa sababu kila Jumapili ni kumbukumbu ya ufufuko.

Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni 10 Februari na Pasaka ni 28 Machi. Mwaka 2028 ni 1 Machi na 16 Aprili. Kwa mkulima tofauti hiyo ya karibu wiki tatu si ndogo. Pasaka ikiwahi, Juma Kuu linaikuta kaya bado inanunua unga. Ikichelewa, sehemu nyingi tayari kuna mahindi ya kuchoma. Panga mfungo wako ukilijua hilo.

Waorthodoksi, ambao Iringa wapo kwa uchache, wanafuata hesabu ya kalenda ya zamani: 2027 Pasaka yao ni 2 Mei, ila 2028 ni 16 Aprili pamoja na wengine. Kabla ya mfungo wao wana Jumapili nne za kujiandaa: ya mtoza ushuru na Farisayo, ya mwana mpotevu, ya kuaga nyama, na ya kuaga jibini, ambayo ndiyo siku ya kuombana msamaha. Hiyo ya mwisho natamani nyumba zote ziiazime. Jioni moja kabla ya Jumatano ya Majivu, baba, mama, watoto na dada wa kazi wanakaa, na kila mmoja anamwomba mwenzake msamaha. Haihitaji padre wala mchungaji, na ugomvi wa mwaka mzima unapata mahali pa kuishia.

Mfungo: wenye sheria na usio na sheria

Kwa Wakatoliki mambo yameandikwa. Siku za kufunga kwa lazima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa aliyetimiza miaka 18 hadi anapoingia mwaka wa 60. Anakula mlo mmoja kamili, na vingine viwili vidogo ambavyo hata ukivijumlisha havifikii mlo kamili. Nyama hailiwi siku hizo mbili wala Ijumaa yoyote ya Kwaresima, kuanzia miaka 14. Samaki ni halali, kwa hiyo usipa wa Ziwa Nyasa wanapata soko. Ijumaa ikigongana na sherehe kubwa, katazo la nyama linaondoka: 19 Machi 2027, sherehe ya Mtakatifu Yosefu, ni Ijumaa, na siku hiyo Mkatoliki akila nyama hajakosa.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hauachi mtu akijiuliza. Mtoto wa darasa la saba anaujua, na bibi wa miaka 70 anaujua. Lakini tuseme kweli: kwenye kaya nyingi za vijijini kwetu nyama Ijumaa haikuwepo hata kabla ya Kwaresima. Mtu akiishia hapo, hajajinyima chochote. Ndiyo maana mapadre wanasisitiza vile viwili vingine vinavyokwenda na mfungo, yaani sala na sadaka, na ndiyo maana bahasha za Kwaresima zinagawiwa kwenye jumuiya. Ukichagua mpango wa Kikatoliki, uzito wako uweke kwenye ile bahasha. Bei ya kile ulichojinyima iingie mle kila wiki, usingoje kuijaza kwa haraka Jumapili ya mwisho.

Walutheri hawana sheria ya namna hiyo. Martin Luther mwenyewe, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakukataa kufunga. Alikuona ni maandalizi mazuri ya nje, lakini anayestahili meza ya Bwana ni yule mwenye imani. Kwa hiyo kila mmoja anajipangia: wapo wanaofunga hadi saa tisa alasiri Jumatano na Ijumaa, wapo wanaoacha pombe, wapo wanaoacha runinga. Wamoravian nao wako huru hivyohivyo, ila uzito wao uko kwenye neno la kila siku. Kitabu chao cha maneno ya kila siku kimekuwa kikichapwa tangu 1731, na nimeona nyumba za Rungwe ambako hakuna anayekunywa chai ya asubuhi kabla neno la siku halijasomwa. Huo nao ni mfungo, na mgonjwa anauweza.

Unauchaguaje? Anayechuma chai au kupalilia mlimani tangu saa moja asubuhi, simshauri afunge kutwa nzima bila maji. Afuate kiasi cha Kikatoliki, mlo mmoja mkubwa na viwili vidogo, hata kama yeye ni Mlutheri. Mwenye sukari, vidonda vya tumbo, dawa za kila siku, mjamzito, anayenyonyesha: aache mfungo wa chakula kabisa ashike kingine. Sheria ya Kikatoliki yenyewe haimbani mgonjwa, na sijasikia mchungaji mwenye busara akimlazimisha. Ofisa wa mjini anayekaa kwenye kiti kutwa nzima huyo hana kisingizio, na mfungo wa hadi jioni siku mbili kwa wiki atauweza.

Iringa na Njombe nina ushauri mmoja ninaousimamia kwa nguvu zote: acha ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi inagemwa wakati wa mvua, na Kwaresima inaangukia katikati ya msimu wenyewe, wakati mbeta, vyombo vya kukingia ulanzi, zinajaa asubuhi na jioni na kila kilabu ina watu. Mtu akisema ameacha ulanzi mwezi wa tisa, ameacha kitu ambacho hata hivyo hakipo. Akiuacha Machi, wakati jirani anamwita kwa jina na ulanzi bado mtogwa, mtamu, huo ni mfungo wa kweli, na mkewe na watoto watauona kwenye unga na ada kabla ya Pasaka.

Jumapili sita

Hapa ndipo tunapopoteza zaidi. Mtu anakwenda Jumatano ya Majivu, anapakwa paji la uso, halafu anaonekana tena siku ya matawi. Kumbe katikati kuna Jumapili ambazo zimepangwa zifuatane kama vidato vya ngazi, na ukiruka viwili huelewi cha juu kimefikaje.

Kwa Wakatoliki Jumapili ya kwanza, wao husema Dominika, ni Yesu akijaribiwa jangwani, na ya pili ni kugeuka sura mlimani. Hizo mbili hazibadiliki, kinachobadilika ni mwinjili tu. Kuanzia ya tatu mambo yanategemea mwaka, kwa kuwa masomo yanazunguka kwa miaka mitatu, A, B na C. Mwaka A, kama 2026, ni mwanamke Msamaria kisimani, kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro. Mwaka B, kama 2027, ni Yesu akisafisha hekalu, mazungumzo na Nikodemo, na chembe ya ngano inayoanguka ardhini ikafa. Mwaka C, kama 2028, ni mtini usiozaa, mwana mpotevu, na mwanamke aliyefumaniwa. Parokia zenye wakatekumeni wa kubatizwa Pasaka zinaruhusiwa kutumia yale ya Mwaka A mwaka wowote, kwa sababu kisima, nuru na kaburi lililofunguka ndiyo mafundisho ya ubatizo.

Yule mtini wa Mwaka C naupenda kuliko masomo yote ya msimu. Mwenye shamba anataka ukatwe, mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutia samadi. Huku kwetu somo hilo linasomwa wakati waumini wengi wana udongo wa palizi kwenye kucha. Nimeona wazee wakitikisa vichwa padre anaposoma, kwa kuwa wanajua samadi ni kazi na wanajua mwaka mmoja zaidi ni neema kubwa kiasi gani.

Walutheri wao wanakwenda kwa njia nyingine. Kalenda ya KKKT inaipa kila Jumapili kichwa chake, na mahubiri, zaburi na nyimbo vinakizunguka. Nyuma yake yapo majina ya kale ambayo kalenda za Kilutheri zimeyahifadhi: Invocavit, Reminiscere, Oculi, Laetare, Judica, na Palmarum kwa siku ya mitende. Matano ya kwanza yametokana na maneno ya ufunguzi wa ibada, manne kutoka Zaburi na moja, Laetare, kutoka Isaya. Ukiyafuata yalivyo unapata sala ya wiki tano: kwanza Mungu anaahidi kumwitikia amwitaye (Zaburi ya 91), kisha unamwomba akumbuke rehema zake (ya 25), macho yako yanamwelekea yeye (ya 25 tena), Yerusalemu unaitwa ufurahi (Isaya 66), halafu unaomba Mungu akuamue na kukutetea (ya 43). Mtu asiyeweza kufika kanisani kila wiki, zaburi hizo tatu zinamtosha kabisa. Isome moja wiki nzima, jioni, mpaka watoto waikariri.

Wakatoliki na Walutheri wote wawili wanaiona Jumapili ya nne kama pumziko. Rangi ya zambarau inaweza kubadilishwa kuwa waridi, na ibada inachangamka kidogo. Wiki inayofuata hali inazidi kuwa nzito. Parokia nyingine hufunika misalaba na sanamu kwa vitambaa. Kwa Wakatoliki Aleluya haisikiki tangu Jumatano ya Majivu mpaka usiku wa Pasaka. Harusi nazo zinasimama, na ndiyo maana baada ya Pasaka kadi za michango zinakufuata kila unapokwenda. Anayepanga harusi aliangalie hili mapema, kwa sababu kumbi za Mbeya mjini zinagombaniwa vibaya wiki za baada ya Pasaka.

Kama zamu zako zinakupa Jumapili mbili tu kati ya tano za mwanzo, chukua ya tatu na ya tano. Najua wengi watasema ya kwanza. Lakini mwanzoni kila mtu ana moyo. Wiki ya tatu ndipo mfungo unapolegea na mtu anahitaji wenzake, na ya tano ndiyo mlango wa kuingilia Juma Kuu. Kwenye ndoa ya makanisa mawili, napendekeza kila mmoja abaki kwake Jumapili hizi, kwa kuwa mafundisho yanaendelea wiki hadi wiki na ukihamahama unapata vipande. Kutembeleana kuna nafasi yake katika Juma Kuu.

Katikati ya wiki sina mengi ya kusema. Wakatoliki wana Njia ya Msalaba kila Ijumaa, vituo 14, kanisani au kwenye jumuiya ndogondogo. Sharika nyingi za Kilutheri zina ibada fupi ya jioni. Njia ya Msalaba inamfaa zaidi mtu mwenye watoto, maana wanatembea, wanapiga magoti, wanaona picha. Ibada ya jioni ya Kilutheri inamfaa anayetaka kukaa kimya na kufundishwa.

Juma Kuu: usiku upi, asubuhi ipi

Jumapili ya Mitende wote wanabeba matawi, ya mkindu, ya mchikichi, kadiri mtu alivyopata. Wakatoliki siku hiyo husoma habari yote ya mateso, ndefu, kwa sauti za wasomaji kadhaa. Usiyatupe matawi: majivu ya mwaka unaofuata hutokana nayo, na parokia huyakusanya kabla ya Jumatano ya Majivu.

Kuanzia hapo Wamoravian wanawazidi wote kwa jambo moja, na nalisema bila kusita. Juma la Mateso wanakusanyika kila jioni kusoma habari za Yesu, zilizounganishwa kutoka Injili zote nne, siku kwa siku. Kinachosomwa ni kile kilichotokea siku hiyo, kwa hiyo Jumatatu uko hekaluni, Alhamisi uko mezani na bustanini. Mahubiri ni machache au hayapo kabisa. Ni somo, wimbo, somo, wimbo. Mtu aliyechoka na kazi anaketi tu na kusikiliza. Kwa anayeishi jirani na ushirika wa Moravian na hana muda wa kitu kingine chochote Juma Kuu, hizo jioni ndizo chaguo langu la kwanza, awe wa kanisa lolote. Ukikosa mbili tatu, soma nyumbani ulipofikia.

Alhamisi Kuu si sikukuu ya serikali, watu wanatoka kazini ndipo waende. Wakatoliki wana Misa ya jioni ya Karamu ya Bwana, na padre anaosha miguu ya watu. Tangu 2016 wanawake nao wanaruhusiwa kuwa miongoni mwao. Baadaye Ekaristi inahamishwa, altare inavuliwa vitambaa, na watu wanabaki kukesha kwa sala hadi usiku. Walutheri na Wamoravian wana Chakula cha Bwana jioni hiyo. Mwenye ugomvi, aliyenuniana na ndugu kwa sababu ya shamba au urithi, aende Alhamisi ya Kikatoliki akaangalie miguu ikioshwa. Padre mwenye mvi amepiga magoti sakafuni na beseni, kanzu inalowa, mzee wa watu anaona haya kutoa mguu wake wenye nyufa za jembe, na padre anausubiri. Sijui mahubiri yanayosema zaidi ya hapo kuhusu kushuka.

Ijumaa Kuu kwa Walutheri ndiyo kilele, pengine kuliko Pasaka yenyewe. Ibada ni asubuhi, kanisa linajaa hadi nje, na mahali pengi yanahubiriwa maneno saba ya msalabani. Wakatoliki siku hiyo hawana Misa kabisa. Ibada yao ni alasiri, kwa kawaida saa tisa: mateso kadiri ya Yohane, maombi marefu kwa watu wote, kuabudu Msalaba, na komunyo iliyowekwa tangu Alhamisi. Kwa kuwa saa hazigongani, ndoa ya makanisa mawili inaweza kwenda kote kuwili siku moja, asubuhi kwa mama na alasiri kwa baba, na watoto wakaona wazazi wao wamekaa benchi moja mara mbili. Chukueni miavuli. Huku kwetu mvua ya alasiri haiangalii sikukuu.

Baada ya hapo inakuja ile ngumu kuchagua: Mkesha wa Kikatoliki Jumamosi usiku, au alfajiri ya makaburini ya Wamoravian. Vyote viwili kwa usiku mmoja vinawezekana kwa kijana tu.

Mkesha huanza giza likishaingia. Moto unawashwa nje, Mshumaa wa Pasaka wenye tarakimu za mwaka unawashwa kwa moto huo, na unaingizwa kwenye kanisa lisilo na taa hata moja. Watu wanapokezana mwanga kwa mishumaa midogo hadi kanisa zima linang'aa. Inaimbwa Mbiu ya Pasaka, kisha masomo ya Agano la Kale, saba yakisomwa yote, kuanzia uumbaji. Lile la Waisraeli kuvuka bahari haliachwi kamwe. Kengele zilizonyamaza tangu Alhamisi zinalia, Aleluya inarudi, wakatekumeni wanabatizwa. Ni ibada ndefu, saa tatu ni kawaida. Mwenye mtoto mchanga au mgongo mbovu ajipime. Lakini aliyepoa katika imani, aliyesahau hata kwa nini alibatizwa, au mwenye ndugu anayebatizwa usiku huo, asiende kwingine.

Alfajiri ya makaburini ina asili yake Herrnhut, Ujerumani, ambako vijana wa Kimoravian walipanda kwenye makaburi ya kilima cha Hutberg mwaka 1732 kuusubiri ufufuko kwa nyimbo. Rungwe nimeisimama zaidi ya mara moja. Jumamosi mchana majembe na mafyekeo yanasafisha makaburi. Jumapili kabla jua halijatoka watu wanashuka na kupanda vijia vya migombani, ukungu umelala, kandambili zinanata kwenye tope, mama amejitanda blanketi juu ya kitenge, vijana wa tarumbeta wanapuliza taratibu kwa sababu midomo bado ina baridi. Watu hawajipangi kwa vyeo. Kila ukoo unasimama karibu na wa kwake. Katika liturjia wanakumbukwa waliolala tangu Pasaka iliyopita, na hapo ndipo unaposikia mtu akivuta pumzi, kwa maana kila mtu anajua ni kaburi lipi ambalo udongo wake bado mwekundu. Kisha mchungaji anatangaza kwamba Bwana amefufuka, na watu wanamjibu wakiwa wamesimama pale pale kwenye udongo.

Aliyezika mwaka huu aende alfajiri ya makaburini. Hilo silipimi na lingine. Hata kama ni Mkatoliki na anapenda Mkesha kuliko kitu chochote, mwaka huu alale mapema Jumamosi aamke saa kumi, na Misa ya Pasaka ataipata asubuhi hiyohiyo.

Mezani, na njiani

Kutembelea kanisa la mwenzako hakukatazwi na yeyote, ila meza zina utaratibu. Kanisa Katoliki halitoi komunyo kwa wasio Wakatoliki isipokuwa kwa hali za pekee sana, na Mkatoliki naye haruhusiwi kupokea kwingine. Baki kwenye benchi kwa heshima, hakuna atakayekushangaa. Majivu yanapakwa yeyote anayekuja. Kati ya Walutheri na Wamoravian ukaribisho huwa mwepesi zaidi, lakini mwone mchungaji au mzee wa kanisa kabla ya ibada, usimshtukize madhabahuni.

Kwa wanaokuja nyumbani kutoka Dar es Salaam: Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za serikali, na wengi wanaona bora kusafiri Ijumaa. Barabara hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima ndani ya basi. Ukisafiri Ijumaa umeitoa Ijumaa Kuu yote na utafika umechoka kwa Mkesha na kwa alfajiri. Ukipata ruhusa, ondoka Jumatano. Usipopata, salia Ijumaa Kuu hukohuko Dar na usafiri Jumamosi alfajiri. Anayekwenda Iringa atawahi hata Mkesha, wa Mbeya apange alfajiri au ibada ya asubuhi. Tiketi za wiki hiyo zinaisha mapema.

Saa za ibada hutangazwa Jumapili ya Mitende, na parokia za mjini huzibandika ubaoni. Vijijini padre mmoja anahudumia vigango vingi, yaani makanisa madogo ya parokia, na Mkesha unaweza kufanyika kimoja tu. Muulize katekista mapema ni kigango kipi, na kama kuna gari la kuwarudisha watu usiku. Kwa Wamoravian muulize mzee wa kanisa watu wanakutania wapi kwanza, kanisani au makaburini moja kwa moja, kwa maana si kila ushirika unafanya sawa.